Kabari ya milimita 0.87, magoli mawili kwenda juu

TONGONI, TANGA. Mafundi wa mashua huku pwani wanaijua kabari: ikizidi hata unywele, ubao haukai. Kwenye mchezo wa kulenga shabaha ya mbali ni yaleyale. Risasi hushuka njiani, ndiyo maana kitako cha darubini ya bunduki huchongwa mshazari, nyuma kinene, mbele chembamba. Ukikigeuza, umeaga mashindano.

Hesabu yenyewe? Digrii moja ina dakika 60. Ukitaka mwinamo wa dakika 20, zidisha urefu wa kitako kwa 0.0058. Kitako cha milimita 150 kinataka nyuma izidi mbele kwa milimita 0.87 tu.

Unaona kidogo? Umbali wa mita 1,000, mwinamo huo ni mita 5.8. Goli lina kimo cha mita 2.44, hayo ni magoli mawili yamepandana na chenji inabaki. Pima kwa kalipa, jicho liachie refa.