Laptopu Inayosema: Nini Ulipie, Nini Uache Pale Old Town

Ukishuka Old Town ya Lilongwe na pesa ya kuhesabu, anza kwa kuulizia laptopu ya mtumba yenye kioo kibovu. Wauzaji huitenga kando na kuishusha bei, kwa kuwa anayeona haitaki. Wewe utakayeisikiliza, ubovu huo haukuhusu sana. Hakikisha tu ina tundu la HDMI, ili siku fundi akihitaji kuona kitu aiunganishe na televisheni. Ila jua kwamba siku ya kuiuza tena, nawe utapewa bei ya kioo kibovu.

Pesa uliyookoa kwenye kioo iweke kwenye kibodi na sauti. Papasa vitufe vyote. Vinundu vya F na J viwe vipo, maana hivyo ndivyo vinavyokuonyesha vidole vikae wapi. Tafuta Insert, kitufe ambacho visoma skrini hukitegemea kwa amri zao, kwani laptopu ndogo nyingi hazina au zimeificha chini ya Fn. Uliza pia kama kibodi ni ya Kifaransa. Mitumba iliyotoka Ubelgiji au Ufaransa huja na A pale kibodi ya Kiingereza inapoweka Q. Aliyefundishwa kuchapa Bukavu au Bujumbura atafurahi. Aliyejifunzia Malawi atateseka. Kisha chomeka hedifoni, sogeza plagi yake huku na huku ndani ya tundu, usikilize kama sauti inakatika.

Kipimo cha dukani ni bure: Ctrl, kitufe cha Windows na Enter kwa pamoja. Kwenye Windows 10 au 11, kisoma skrini cha ndani kiitwacho Narrator kitaanza kuzungumza. Kikinyamaza hata sauti ikiwa imepandishwa, huenda spika imekufa au mfumo una kasoro. Mwachie mwenyewe laptopu yake.

Sasa programu. Hapa ndipo watu wengi huliwa pesa.

NVDA, kisoma skrini cha Windows, ni bure. Michael Curran, Mwaustralia asiyeona, alianza kuiandika mwaka 2006, na hadi leo haiuzwi. Wenyewe huomba mchango tu kwa anayeweza. Fundi akikudai pesa ya NVDA, ujue unalipia mkono na bando lake. Kama kazi yenyewe ni dakika chache, bei iwe ya dakika chache.

JAWS, kisoma skrini kingine, ni nzuri na ya siku nyingi, lakini leseni yake ya kudumu hufika dola elfu moja au zaidi. Kwa kwacha mambo ni mabaya zaidi: Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha, dola ikapanda kutoka takriban 1,180 hadi 1,700 kwa mara moja. Bila leseni, JAWS hukupa dakika 40, halafu inakutaka uwashe kompyuta upya. Usikubali ile “iliyovunjwa” ya kwenye flashi. Mara nyingi huja na virusi, na siku ikikwama hakuna wa kumlilia. JAWS inunuliwe na mwajiri.

Na usiogope kwamba ukijifunza bure utakuwa nyuma kazini. Amri za msingi zinafanana. Ctrl hunyamazisha sauti. Insert na mshale wa chini husoma mfululizo. Insert na T hutaja jina la dirisha, Insert na F12 husema saa. Kwenye ukurasa wa intaneti, H hukurusha kutoka kichwa cha habari hadi kingine. Aliyezoea haya kwenye NVDA hahitaji kuanza upya akikuta JAWS ofisini. Kama Insert hakuna, NVDA hukubali Caps Lock ishike nafasi yake.

Angalia umri wa mfumo kabla ya kulipa. Matoleo ya NVDA tangu 2024 hayakubali Windows 7. Huko utabaki na toleo la 2023.3.4. Windows 10 nayo iliacha kupewa marekebisho ya kawaida ya usalama Oktoba 2025, kwa hiyo isiyoweza kupanda hadi 11 ilipiwe kidogo. Laptopu za shule zenye mfumo wa ChromeOS zikwepe hata ziwe rahisi vipi. Zina kisoma skrini chao, lakini NVDA haiingii. Zile zenye hifadhi ya gigabaiti 32 pia ziache: Windows yenyewe itajaza kila kitu, kila sasisho liwe ugomvi.

Kiswahili je? NVDA huja na eSpeak NG, yenye Kiswahili ndani, haihitaji bando. Sauti ni ya bati, sikufichi, lakini ni nyepesi hata kwa kompyuta dhaifu, na ikiharakishwa bado maneno yanasikika. Sauti laini za kulipia huuzwa kwa dola, basi kabla ya kutoa hata moja hakikisha Kiswahili kimo. Fungua mipangilio ya sauti kwa kitufe cha NVDA (yaani Insert, au Caps Lock ukiichagua), Ctrl na V, chagua Kiswahili, anza na kasi ndogo, uiongeze sikio likizoea. Halafu NVDA, Ctrl na C ili ihifadhi. Hili la mwisho usilidharau: kwa kawaida mipangilio huhifadhiwa ukifunga programu, na umeme ukikatika ghafla betri ikiwa imechoka, kazi yote imepotea.

Gharama zisizotajwa dukani ni nyingi kuliko punguzo utakalopewa. Kwa mkazi wa Dzaleka, kambi iliyofunguliwa mwaka 1994 huko Dowa, kuna nauli ya kwenda na kurudi na kibali cha kutoka, maana serikali ilikaza amri ya wakimbizi kukaa kambini mwaka 2023. Safari ya pili kwa ajili ya chaja iliyosahaulika inaweza kula nusu ya ulichookoa. Kwa hiyo maliza yote kwa safari moja: ulizia chaja, na beba flashi. NVDA hukaa humo kama nakala ya kubebeka, ukaifungua kwenye kompyuta ya Windows inayoikubali, mwenyewe akiruhusu. Ukishafika nyumbani, betri isikilize mara kwa mara kwa NVDA, Shift na B, na mwanga wa kioo ushushe hadi chini kabisa. Unalipia kuchaji; usimulike ukuta.

Pesa isipofika? Nunua simu ya Android iliyotumika. TalkBack, kisoma skrini cha Android, imo tayari katika nyingi, na sauti ya Kiswahili ya Google hupakuliwa bure, ukiacha bando. Kwa kupiga simu, WhatsApp na kutuma pesa, hiyo inatosha. Lakini kama lengo lako ni masomo ya mtandaoni, kama yale ambayo Jesuit Worldwide Learning ilianza kuyaleta Dzaleka mwaka 2010, insha ndefu kwa kidole juu ya kioo itakuchosha. Hapo weka akiba miezi kadhaa, chukua ile yenye kioo kilichopasuka na kibodi nzima, uweke NVDA, usilipe zaidi ya hapo.