Maji ya radiamu ya Misasa, na shimo la Shinkolobwe

KAMBOVE, Haut-Katanga – Katika mji mdogo wa Misasa, mkoa wa Tottori, magharibi mwa Japani, kuna sanamu ya Marie Curie, mwanasayansi aliyegundua radiamu pamoja na mume wake Pierre mwaka 1898. Mama huyo hakuwahi kukanyaga Japani. Amewekewa sanamu kwa sababu maji ya moto yanayotoka chini ya mji huo yana radiamu, na watu hufunga safari kwenda kuyaoga, kuyanywa na kuvuta mvuke wake.

Mtu wa Kambove akisikia hivyo ana haki ya kushangaa. Katika wilaya hiyo ndiko uliko mgodi wa Shinkolobwe, karibu na Likasi, ambao kwa miaka ya 1920 ulikuwa chanzo kikuu cha radiamu duniani. Huku kitu hicho hicho kimekuwa sababu ya watu kufukuzwa na vibanda vyao kubomolewa.

Misasa ni mji wa zamani. Wenyeji husimulia kwamba mwaka 1164 askari mmoja, Okubo Samanosuke, alikutana na mbwa mwitu mweupe akiwa njiani kwenda kuomba hekaluni. Alitaka kumpiga mshale, akamwachia. Usiku akaota ndoto, akaonyeshwa kisiki cha mti mkubwa ambacho chini yake maji ya moto yalikuwa yakibubujika. Bafu la umma linaloitwa Kabu-yu, yaani maji ya kisikini, bado linatumika. Jina la mji nalo lina maana ya asubuhi tatu, na inasemekana mgonjwa akiamka hapo mara tatu anapona.

Mgeni anayefika huko hujifunza kwanza adabu ya maji. Kwetu mtu huingia majini ili atakate. Mjapani hutakata kwanza. Unakaa kwenye kigoda kidogo, unajisugua kwa sabuni na kujisuuza hadi povu lote liishe, ndipo unaingia kwenye bwawa, bila nguo, na taulo yako usiichovye majini. Kando ya mto, karibu na daraja, kuna bafu la wazi ambalo halina kiingilio, na wapita njia wanaliona. Jioni watu hutembea barabarani wakiwa wamevaa joho jepesi la pamba na viatu vya mbao.

Na hiyo radiamu? Urani iliyomo kwenye mawe huoza polepole sana na kuzaa radiamu. Radiamu nayo, ambayo nusu yake huisha kwa miaka 1,600, huzaa gesi iitwayo radoni. Maji yakipita kwenye mawe hayo huibeba gesi hiyo hadi juu. Misasa wanaiona kuwa dawa ya viungo na kifua, na Chuo Kikuu cha Okayama kimeitafiti hapo kwa miaka mingi. Shirika la Afya Duniani, WHO, linaitaja radoni kuwa miongoni mwa visababishi vikuu vya saratani ya mapafu. Anayekwenda kuoga siku tatu hayuko sawa na anayeivuta kila siku akiwa shimoni, na hapo ndipo habari inaporudi Katanga.

Madini ya Shinkolobwe yaligunduliwa mwaka 1915. Kampuni ya Union Minière ilianza kuyachimba mwaka 1921, na mwaka uliofuata kiwanda cha Olen, Ubelgiji, kikaanza kutoa radiamu. Ubelgiji ikashika soko la dunia. Urani yenyewe ilionekana kama makapi hadi vita ilipofika. Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Wamarekani katika mradi wa bomu ilitoka Shinkolobwe. Hiroshima, iliyopigwa tarehe 6 Agosti 1945, iko katika ukanda wa Chugoku, huko huko iliko Misasa.

Mgodi ulifungwa rasmi mwaka 1960. Wachimbaji wa mikono walirudi mwishoni mwa miaka ya 1990 wakitafuta kobalti. Januari 2004 Rais Joseph Kabila alitoa agizo la kuufunga, lakini Julai mwaka huo sehemu ya mgodi ilianguka na kuua watu wasiopungua 8. Kijiji cha wachimbaji kikabomolewa. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliofika baadaye mwaka huo ulionya kwamba mgodi unaweza kuanguka tena, na kwamba wanaochimba humo kwa muda mrefu wako hatarini kwa mionzi.

Japani nayo ilikuwa na Shinkolobwe yake ndogo. Mwaka 1955 urani ilipatikana kwenye mlima wa Ningyo-toge, jirani na Misasa. Machimbo yalipoachwa, udongo wake ulibaki. Mwaka 1988 ikajulikana kwamba malundo yake yako Katamo, kijiji cha wakulima katika mkoa huo wa Tottori. Wanakijiji walidai uondolewe, wakazungushwa miaka mingi, wakaenda mahakamani. Oktoba 2004, miezi mitatu tu baada ya maafa ya Shinkolobwe, Mahakama ya Juu iliwapa ushindi: karibu mita za ujazo 3,000 ziondolewe.

Sehemu ya udongo huo ilisafirishwa hadi Marekani. Uliobaki ulipelekwa upande wa Misasa ukafinyangwa na kuchomwa matofali, zaidi ya milioni moja, yakauzwa kwa ajili ya njia za bustani na kingo za maua. Kazi hiyo ilikamilika mwaka 2011. Kule Shinkolobwe, udongo uliotolewa shimoni kwa miaka arobaini haukuhamishwa.