Kompyuta ya Jeshi Inapotoka Getini

Agosti 1871 Waarabu wa Tabora waliivamia Ulyankulu wakimsaka mtemi Mirambo. Mwandishi wa habari Stanley, aliyekuwa ameandamana na jeshi lao, aliliandika jina hilo Wilyankuru. Kijiji kikatekwa. Soud bin Said bin Majid, aliyeongoza uvamizi huo, na watu wake wakabeba pembe za ndovu, nguo na mateka, wakashika njia ya kurudi Zimbizo walikotoka. Mirambo alikuwa amekwisha kuijua njia watakayopita. Wapiganaji wake walijilaza kwenye majani marefu, pande zote mbili, wakawasubiri waingie kati na mizigo yao. Soud aliuawa hapo, na wenzake wengi pamoja naye. Tarehe 22 ya mwezi uleule Tabora yenyewe ikashambuliwa.

Kazi ya kuliuzia jeshi kompyuta na kuzihudumia ina hatari ya namna hiyohiyo. Mashine zinapoingia kambini kila mtu yuko macho: zabuni, ukaguzi, hati ya kupokelea, namba ya mali. Zinapotoka kwenda kwa fundi, au kwenda mnadani baada ya kuchakaa, uangalifu unakuwa umelegea. Nami naamini taarifa nyingi hupotelea huko.

Kuhusu kuingia niseme kidogo tu. Sheria ya Tanzania ya Ununuzi wa Umma ya 2011 iliweka manunuzi ya vyombo vya ulinzi na usalama katika orodha mbili, ya wazi na ya zuio. Sheria ya 2023 imechukua nafasi yake, na zabuni za serikali siku hizi hupitia mfumo wa kielektroniki wa NeST. Si kila kinachonunuliwa na jeshi ni siri. Kompyuta ya karani wa mishahara ni ileile inayouzwa Kariakoo. Cha kulindwa ni kitakachoandikwa ndani yake na mikono itakayoigusa. Usiri usio na sababu una gharama yake pia. Rada tuliyonunua kwa kampuni ya BAE ya Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 2000 iligharimu pauni milioni 28. Desemba 2010 mahakama moja ya London iliitoza kampuni hiyo faini ya pauni 500,000, na kwa makubaliano ikalipa pauni milioni 29.5 zilizokuja kutumika kwenye elimu Tanzania. Kosa ililokiri halikuhusu ubora wa mtambo. Lilihusu kumbukumbu za hesabu, namna malipo ya mtu wa kati yalivyoandikwa.

Sasa tuifuate kompyuta moja. Iko ofisi ya kikosi, imeanza kukwama, asubuhi moja inakataa kuwaka. Bado ina waranti. Kwa kawaida ya biashara fundi huja, hufungua, huchomoa diski mbovu na kuweka mpya, kisha ile mbovu huirudisha kwa mtengenezaji ili kampuni yake ifidiwe. Kwa duka la vifaa vya ujenzi hilo halina shida. Kwa kikosi, fundi huyo ametoka getini na majina ya askari, safari za magari na barua za miaka mitatu. Diski isiyosomeka haijafutika. Wakati mwingine kilichoungua ni saketi yake tu, na mwenye vifaa anaweza kuvuta karibu kila kitu kilichomo.

Dawa yake ni kifungu kimoja cha mkataba: diski ikiharibika hubaki kwa mteja. Watengenezaji wakubwa hutoa huduma hiyo kwa nyongeza ya bei, na hapo ndipo ilipo taabu, maana mzabuni asiyeiweka huonekana wa bei nafuu siku ya kufungua zabuni. Ningekuwa na sauti kwenye kamati ya tathmini, ningemkata palepale.

Kufuta nako kuna mambo yake. Diski ya zamani ya sumaku, ukiiandika upya yote, kwa matumizi mengi inatosha. Diski za siku hizi za SSD haziko hivyo. Kidhibiti chake huhamishahamisha maandishi kutoka chembe moja hadi nyingine ili zisichakae mapema, na hutunza chembe za akiba ambazo programu ya kufuta haizifikii. Kwa hiyo diski isimbwe kwa ufunguo tangu siku ya kwanza, mwishoni ufunguo uharibiwe, kisha diski yenyewe isagwe mbele ya mashahidi. Mashine ya fotokopi isisahauliwe: nyingi za ofisini zina diski ndani, na hupelekwa mnadani bila mtu kulifikiria hilo. Mwaka 2006 waandishi wa habari walikuta flashi zilizoibwa kambi ya Marekani ya Bagram, Afghanistan, zikiuzwa soko la nje ya kambi na nyaraka za siri zikiwa bado ndani.

Njia nyingine ya kutokea ni ya mtandao. Mwaka 2020 iligundulika kwamba wadukuzi walikuwa wamepenyeza msimbo wao wa kuchotea taarifa kwenye sasisho la programu ya kampuni ya SolarWinds. Sasisho lilikuwa na sahihi halali ya kampuni, na wateja wapatao 18,000 walilipakua, zikiwamo ofisi za serikali ya Marekani. Kukataa masasisho si jibu, kwa kuwa mashine isiyosasishwa huingilika kirahisi zaidi. Yajaribiwe kwanza kwenye kompyuta ya pembeni. Na fundi anayehudumia kwa mbali afunguliwe mlango na askari, kwa saa zilizotajwa, kila amri yake ikiandikwa, na nywila ibadilishwe akimaliza.

Tabora ina mahitaji yake. Pale mjini kuna kambi yenye jina la Mirambo, na Msange kuna kikosi cha Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Ofisi yoyote ya kuanzia huko hadi Ulyankulu inakutana na vumbi la kiangazi, radi za masika na umeme unaokatika. Ukifungua kompyuta mwezi wa Oktoba unakuta feni imevaa sweta la vumbi jekundu. Betri za risasi za UPS hupimwa kwa joto la nyuzi 25, na kila nyuzi 10 zaidi hupunguza umri wake kwa karibu nusu. Mzabuni wa Dar es Salaam anayeahidi fundi ndani ya saa nne hajaitazama ramani. Mkataba wa huku uandike vipuri vitakavyokaa stoo ya Tabora: pawasaplai, feni, diski, betri, na nani ana ufunguo wa stoo hiyo.

Bei nayo isomwe ya miaka mitano, ikiwamo diski zitakazobaki, betri zitakazobadilishwa na usagaji wa mwisho. Iwemo pia gharama ya kuwafundisha mafundi wa kikosi chenyewe, ili wa kwanza kuifungua mashine awe askari, na wa kampuni aitwe kwa lile lililowashinda, akae na mwenyeji pembeni hadi afunge bisibisi yake na begi lake likaguliwe.