Damu ya Mama: Tupime, Tusikisie

Kwa miaka mingi sisi wauguzi tulikadiria kwa macho damu anayopoteza mama baada ya kujifungua. Macho hudanganya; mara nyingi tuligundua hatari tumekwisha kuchelewa.

Utafiti uliotolewa mwaka 2023, katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ulijaribu mfuko wa plastiki wenye alama za kupimia, unaowekwa chini ya mzazi. Damu ikizidi, matibabu yote huanza pamoja: kukanda tumbo la uzazi, dawa, dripu na uchunguzi. Kutokwa damu kupindukia kulipungua kwa asilimia 60.

Akina baba, uchungu ukianza msimcheleweshe mama nyumbani. Huko hakuna wa kumpimia.