Sura ya Nne: Mizizi Inayoishi Hewani

Okidi inayonunuliwa kitaluni na kupelekwa Kawe, jijini Dar es Salaam, mara nyingi huishia kwenye kopo la udongo mweusi uliochanganywa na samadi, ikamwagiliwa asubuhi na jioni kama mchicha. Ikioza, joto la Pwani hubebeshwa lawama. Hoja ya sura hii ni kwamba okidi zinazoota juu ya miti haziuawi na joto la Dar es Salaam; zinauawa na udongo. Ushahidi umo mizizini. Chukua Aerangis kotschyana, okidi ya asili ya Afrika, Tanzania ikiwemo, ambayo huota juu ya mashina na matawi ya miti. Mizizi yake imevikwa ganda laini la seli zilizokufa. Ganda hilo huwa jeupe likikauka. Mvua ikinyesha hunyonya maji kama sifongo, na ukijani wa ndani huonekana. Kisha upepo hulikausha tena. Mzizi uliozoea kulowa na kukauka, ukizikwa kwenye tope lisilopitisha hewa, hukosa pumzi na kuoza.

Wapo watakaosema kwamba mmea unaokaa juu ya mti bila udongo ni kupe wa mti, kwa hiyo ukitolewa hapo sharti upewe mbolea nyingi. Wanaochanganya hivyo wameiona okidi wakaidhania kirukia. Kirukia hutoboa gome na kunyonya maji ya mwenyeji wake. Mzizi wa okidi hushika gome kwa nje tu. Chakula chake ni madini machache yanayoletwa na mvua iliyopita kwenye majani, na vumbi na takataka zinazonasa penye mizizi. Mmea uliozoea kidogo hivyo hauhitaji samadi.

Hata maua yanathibitisha kwamba mmea huu ni wa matawini, si wa kopo. Shada la Aerangis huning'inia, na nyuma ya kila ua jeupe hushuka mrija wa nekta wenye urefu wa kati ya sentimita 13 na 25. Harufu yake hukolea usiku, maana mgeni anayengojewa ni nondo mwenye ulimi mrefu. Mwaka 1862 Charles Darwin, alipochunguza mrija wa karibu sentimita 30 wa okidi ya Madagaska, alibashiri kuwepo kwa nondo wa kuufikia. Nondo huyo alielezwa kisayansi mwaka 1903. Ua lenye mrija kama huo linahitaji nafasi wazi chini na mbele yake, na kopo lililowekwa sakafuni halina nafasi hiyo.

Itaulizwa: Kawe hakuna msitu, je, tufanyeje? Kinachotakiwa ni tabia ya tawi, na tawi huigwa kwa vitu vya sokoni: vipande vya mkaa na makumbi ya nazi ndani ya kikapu chenye matundu, kikaning'inizwa kivulini mwa mwembe. Makumbi yaliyolowekwa baharini yasuuzwe kwanza, kwani chumvi huunguza mizizi. Mwagilia, kisha subiri ganda la mzizi lirudi kuwa jeupe: hapo ndipo mmea unapoomba maji.