Barua ya vitisho kuhusu dekoda: usiogope, usipuuze

[MUZIKI WA KUFUNGUA, UNASHUKA POLEPOLE]

MTANGAZAJI: Leo tunazungumzia karatasi inayoweza kumfikia mwenye dekoda, ile wengine wanaita king'amuzi. Karatasi inasema: umeiba matangazo yetu, lipa ndani ya siku saba, la sivyo utafungwa.

Karatasi ya namna hiyo inamtisha mtu yeyote. Kwa mkimbizi uzito wake ni mara mbili, maana swali la kwanza linalomjia ni hili: je, watanifukuza nchini? Kwa hofu hiyo mtu anatoa pesa ya chakula ya mwezi mzima ili alipe, hata kama hadaiwi kitu. Mwingine anaitupa karatasi motoni na kukaa kimya. Wote wawili wanaweza kuumia. Basi tuelewe jambo hili hatua kwa hatua.

Kwanza, kosa liko wapi? Picha za televisheni za kulipia zinashuka kutoka setilaiti zikiwa zimefungwa kwa siri. Kadi iliyo ndani ya dekoda ndiyo ufunguo. Ukilipa abonema, kampuni inauruhusu ufunguo wako ufungue. Wizi wa matangazo ni kufungua bila ruhusa: kutumia kadi iliyochezewa, kununua dekoda inayopata ufunguo wa mtu mwingine kupitia intaneti, au kuvuta waya kutoka dekoda moja kwenda nyumba kumi na kukusanya pesa.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Mtu amelipa abonema yake vizuri kila mwezi. Siku ya mpira anaweka benchi, anatoza kiingilio. Anasema, "Mimi nimelipa, kosa langu ni nini?" Jibu ni kwamba abonema ya nyumbani ni ya familia. Kampuni zina mkataba mwingine kwa baa, hoteli na vibanda vya sinema. Tangu Mkataba wa Roma wa mwaka 1961, nchi nyingi zinakubali kwamba kituo cha televisheni kina haki ya kuruhusu au kukataza matangazo yake kuonyeshwa mahali pa watu wote kwa kiingilio. Rwanda nayo ina sheria ya kulinda kazi za ubunifu na matangazo. Ile ya mwaka 2009 imefuatwa na mpya ya mwaka 2024.

Sisi wa mpakani tuna la tatu. Kampuni hununua haki za kuonyesha mpira nchi kwa nchi. Dekoda iliyofunguliwa kwa abonema ya Bukavu au ya Burundi inaweza kushika picha hapa vizuri kabisa, kwa sababu setilaiti haijui mpaka. Mkataba unaujua. Kabla ya kununua dekoda iliyovuka mto Rusizi, uliza kama abonema yake inaruhusiwa Rwanda.

[MUZIKI MFUPI]

MTANGAZAJI: Sasa sikilizeni yaliyotokea Marekani, kwa sababu yanatufundisha. Mwaka 2001 kampuni ya televisheni ya setilaiti iitwayo DirecTV ilipata orodha za watu walionunua vifaa vya kusoma na kuandika kadi. Ikatuma barua kwa watu zaidi ya 100,000. Barua nyingi zilidai dola 3,500 hivi, la sivyo mtu apelekwe mahakamani. Maelfu walishtakiwa.

Tatizo ni kwamba kifaa kile kina kazi nyingine za halali, kama kulinda kompyuta au kufungua milango ya ofisi kwa kadi. Wengine walisema hawakuwa hata na antena ya DirecTV. Lakini wakili angewagharimu kuliko hizo dola 3,500, kwa hiyo wengi walilipa tu. Waliopuuza mwito wa mahakama wakahukumiwa bila kusikilizwa. Waliojibu na kutafuta msaada walifika mbali zaidi. Mwezi Juni 2004 kampuni ilikubaliana na shirika la kutetea haki liitwalo Electronic Frontier Foundation kwamba haitashtaki tena mtu kwa sababu tu ana kifaa. Mwezi huohuo mahakama ya rufani ya Atlanta iliamua kwamba kampuni haiwezi kumdai mtu fidia kwa kumiliki kifaa peke yake.

Somo ni hili: kutuhumiwa hakumaanishi umehukumiwa. Lakini kimya chako kinaweza kugeuka hukumu.

Basi ukiletewa barua, fanya hivi.

Moja. Soma barua yote, au umpe mtu unayemwamini akusomee. Tazama nani ameandika, anadai nini, na siku ya mwisho ni ipi. Andika tarehe uliyoipokea. Barua ya kampuni ni dai tu. Mwito wa mahakama ni jambo lingine: una jina la mahakama, namba ya kesi na siku ya kufika. Huo usiukose hata kidogo.

Mbili. Usilipe papo hapo. Mtu akija na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, akataka umtumie pesa kwenye simu yake binafsi kabla jua halijatua, kuwa na shaka. Tapeli hupenda haraka. Piga simu kwa kampuni kwa namba iliyo kwenye risiti yako au kwenye duka lao. Usitumie namba aliyokupa yeye.

Tatu. Jua mamlaka ya aliye mlangoni. Katiba ya Rwanda, kifungu cha 23, inasema nyumba ya mtu haiingiliwi wala kupekuliwa bila ridhaa yake, isipokuwa kwa namna iliyowekwa na sheria. Mfanyakazi wa kampuni hana uwezo wa kukukamata wala kukupekua. Upelelezi ni kazi ya RIB. Akija mpelelezi, mheshimu, omba kuona kitambulisho chake na kibali. Wakichukua dekoda, omba orodha iliyoandikwa ya vilivyochukuliwa. Usipigane, usikimbie, usitoe rushwa.

Nne. Tunza ushahidi. Risiti za abonema, ujumbe wa malipo kwenye simu, karatasi ya dukani uliponunua. Usivunje kifaa wala kufuta ujumbe ukidhani unajificha. Na kama ulikuwa unaonyesha kwa kiingilio bila mkataba, simamisha leo.

Tano. Usikiri kwa simu, wala usitie sahihi karatasi usiyoielewa. Watu wengi hujieleza kwa hofu, wakasema hata ambayo hawakuulizwa. Jibu fupi kwa maandishi linatosha: "Nimepokea barua yenu ya tarehe fulani. Naomba mnieleze ni kitendo gani mnachonituhumu, kilifanyika lini na wapi, na mna ushahidi gani. Natafuta ushauri wa kisheria kabla ya kujibu zaidi." Baki na nakala.

Sita. Tafuta msaada kabla siku ya mwisho haijafika. Kila wilaya kati ya wilaya 30 za Rwanda ina ofisi ya MAJ, nyumba ya kufikia haki, inayotoa ushauri wa sheria bure. Ya kwetu ni ya wilaya ya Rusizi. Aliye kambini aanzie pia kwa wahudumu wa ulinzi wa HCR au washirika wao.

Na lile swali la kufukuzwa? Hadhi ya mkimbizi hutolewa na serikali. Barua ya kampuni ya televisheni haina nguvu ya kuifuta. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ambao Rwanda iliuingia mwaka 1980, unatupa pande mbili. Kifungu cha 2 kinatutaka tutii sheria za nchi iliyotupokea. Kifungu cha 16 kinatupa haki ya kufika mahakamani kama mwenyeji. Tukidai ya pili, tusisahau ya kwanza.

Mama, baba, kijana mwenye kibanda cha mpira: nakala ya kipindi hiki itundike ukutani, karibu na dekoda. Anayejua kusoma amsomee jirani yake.



[MUZIKI WA KUFUNGA]