Zamu Mbili Zilizopotea Łódź

Katika sataranji, ufunguzi wa askari wa malkia huanza pale mweupe anapomsogeza askari aliye mbele ya malkia nyumba mbili, hadi d4. Malkia humlinda askari huyo tangu mwanzo, kwa hiyo mapambano hayalipuki upesi. Kete hupangwa kwanza, na kila zamu ina thamani. Pengine hakuna mchezo unaolionyesha hilo waziwazi kuliko ule wa Rotlewi na Akiba Rubinstein, uliochezwa mwaka 1907 Łódź, mji wa Poland uliokuwa chini ya Urusi wakati huo.

Rotlewi, mwenye kete nyeupe, alimtoa askofu hadi d3 mapema mno. Rubinstein alipomla askari wa c4, askofu huyo alilazimika kwenda kulipiza, kisha akarudi d3. Malkia mweupe naye alikwenda d2, halafu akahamishiwa e2, na hivyo zamu mbili zikapotea. Kufikia hatua ya 15 pande mbili zilifanana kama mtu na kivuli chake majini, isipokuwa ngome nyeusi ilikuwa tayari imekaa d8, na zamu ilikuwa ya mweusi. Faida ya kuanza ilikuwa imehama.

Rotlewi aliongeza kosa kwa kusukuma askari wa f na e, akifungua mishazari inayoelekea kwa mfalme wake. Askofu mweusi alimshambulia mfalme kutoka b6, mfalme akajificha h1, farasi akaingia g4, malkia akafuata h4. Ndipo ikaja hatua ya 22, iliyo kiini cha mchezo wote: Rubinstein alimwacha malkia wake aliwe, akamla farasi wa c3 kwa ngome. Farasi huyo, pamoja na malkia wa e2, ndiye aliyemlinda askofu mweupe wa e4, ngao ya mwisho ya mfalme. Kama mweupe angeila ngome, askofu mweusi angemla yule wa e4 na malkia angemfunga mfalme h2.

Rotlewi alimla malkia. Ngome ya pili ikaingia d2, nayo ikatolewa sadaka ili kumvuta malkia mweupe kutoka e2. Askofu mweusi akala e4 na kumshambulia mfalme, malkia akajitia kati g2, na ngome iliyobaki ikahamia h3. Kilichofuata ni kifo h2, na malkia mweupe, akiwa hai ubaoni, hakuweza kukizuia. Rotlewi alikubali kushindwa baada ya hatua ya 25.